Sura ya Saba: Jimbo la Madai Milioni Kumi na Moja

Mwaka 2003 mwajiri wa California alilipa, kwa wastani, zaidi ya dola 6 za bima ya fidia kwa kila dola 100 za mishahara. Ndani ya wastani huo alikuwamo fundi wa kuezeka mapaa, ambaye bima yake ilikuwa ghali kupindukia, na karani wa ofisini, ambaye bima yake ilikuwa ndogo sana. Kufikia 2009 wastani ulikuwa umeshuka hadi karibu dola 2. Katikati ya muongo uliofuata ukapanda tena kuelekea 3, kisha ukaanza kuteremka polepole, na kufikia 2023 ulikuwa chini ya 2.

Asiyejua habari za jimbo hilo, akionyeshwa mchoro wa bei hizo, atadhani kwamba kati ya 2003 na 2009 California iligundua namna ya kufanya kazi bila kuumia. Haikugundua. Migongo ya wachuma zabibu wa Fresno haikupona ndani ya miaka sita, wala magoti ya wasafisha vyumba wa hoteli za San Francisco. Ajali zilikuwa zikipungua, ni kweli, kama zilivyokuwa zikipungua Marekani nzima tangu miaka ya tisini. Lakini ajali hupungua kwa asilimia chache kila mwaka, na bei iliyoshuka kwa theluthi mbili kwa mkupuo ilishushwa na kitu kingine. Ilishushwa na sheria, hasa ile iliyotiwa saini tarehe 19 Aprili 2004 na gavana aliyekuwa na miezi michache tu madarakani, Arnold Schwarzenegger.

Tutaifikia. Kwanza tuelewane kuhusu kitu tunachokihesabu, maana watu wengi, wakiwemo waandishi wa habari wanaojua kazi yao, husoma idadi ya madai ya fidia kana kwamba wanasoma idadi ya majeraha.

Jeraha hutokea mwilini. Dai hutokea mezani, baada ya watu kadhaa kukubaliana, au kukataa kukubaliana, juu ya kilichotokea mwilini. Huko California mfanyakazi aliyeumia hutakiwa kumweleza mwajiri ndani ya siku 30. Mwajiri akishajua hutakiwa kumpa fomu ya madai ndani ya siku moja ya kazi. Fomu ikirudishwa, kampuni ya bima ina siku 90 za kuamua. Ikikaa kimya siku hizo zikapita, jeraha huchukuliwa kuwa limetokana na kazi, na wakati wa kusubiri mgonjwa hutibiwa kwa gharama isiyozidi dola 10,000. Siku tatu za kwanza za kukaa nyumbani hazilipwi, isipokuwa mtu amelazwa hospitali au ulemavu umepita siku 14. Baada ya hapo hulipwa theluthi mbili ya mshahara wake, kwa wiki zisizozidi 104 katika majeraha mengi.

Ni mwendo wa milango mingi, na katika kila mlango kuna anayeweza kugeuka akaondoka. Mwenye jeraha dogo anaona siku tatu zisizolipwa hazina maana. Mwenye mkataba wa msimu anaogopa kutoitwa tena mwakani. Asiye na vibali vya kuishi Marekani anaogopa kuandika jina lake kwenye karatasi yoyote, ingawa sheria ya California inasema wazi kwamba fidia ni haki yake hata kama hana vibali. Wapo wengine ambao mlangoni husukumwa waingie: mwanasheria aliyeweka tangazo kwenye basi, daktari anayelipwa kwa idadi ya wagonjwa. Idadi tunayoisoma kwenye ripoti ya mwaka ni ya waliofika mwisho.

Mpango wenyewe una umri wa zaidi ya karne. California ilianza mwaka 1911 na sheria ya hiari, na waajiri, kama ilivyotarajiwa, hawakuikimbilia. Mwaka 1913 ikatungwa ya lazima, ikaanza kutumika Januari 1914 pamoja na mfuko wa bima wa jimbo ulioundwa ili waajiri wasikose pa kukata bima. Makubaliano yalikuwa haya: mfanyakazi analipwa bila kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, naye kwa upande wake anaacha haki ya kumshtaki mwajiri mahakamani. Analipwa kwa uhakika, lakini analipwa kidogo. Kila mapigano ya miaka iliyofuata yamekuwa juu ya neno hilo la mwisho.

Turudi kwenye bei. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, madai ya msongo wa mawazo yalifurika kusini mwa California. Uchumi ulikuwa umedorora, viwanda vya ndege na silaha vilikuwa vinapunguza watu baada ya Vita Baridi, na nje ya ofisi za mafao ya ukosefu wa ajira walisimama madalali wakiwauliza watu waliokuwa kwenye foleni kama kazi waliyoachishwa haikuwaumiza akili. Aliyekubali alipelekwa kliniki, akapimwa na madaktari watatu au wanne, na kila mmoja akatoa ankara yake. Mwaka 1993 bunge la jimbo likafunga mlango huo: anayedai maradhi ya akili akatakiwa kuthibitisha kwamba kazi ndiyo chanzo kikuu, zaidi ya nusu ya vyanzo vyote. Madai ya aina hiyo yakapungua sana. Nani atasema kwamba watu wa Los Angeles walipata utulivu wa moyo mwaka ule?

Mwaka huo huo wa 1993 bunge lilifuta pia bei ya chini ya lazima, na kuanzia 1995 kampuni za bima zikaachiwa zishindane. Zikashindana hadi kujiumiza. Ziliuza bima chini ya gharama ya madai kwa miaka kadhaa, zikitegemea faida ya soko la hisa, na soko lilipoanguka hazikuwa na akiba. Superior National ilianguka mwaka 2000, Fremont Indemnity mwaka 2003, na nyingine nyingi zikawafuata wenzao kaburini. Waliobaki wakapandisha bei ili kufidia hasara ya miaka iliyopita. Mfuko wa jimbo, ulioundwa uwe kimbilio la wachache, ukajikuta umebeba zaidi ya nusu ya soko zima. Hizo dola 6 za mwaka 2003, basi, zilikuwa na ndani yake matibabu yaliyopanda gharama, lakini pia zilikuwa na deni la vita vya bei ambavyo hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeumia kwa sababu yake.

Sheria ya 2004 ilifanya mambo mengi, mawili yakiwa na uzito kuliko mengine. La kwanza, ulemavu wa kudumu ukaanza kupimwa kwa mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Marekani, toleo la tano, badala ya mfumo wa zamani wa California uliompa daktari nafasi kubwa ya kusikiliza maumivu ambayo kipimo hakiyaoni. La pili, daktari akatakiwa kugawa ulemavu kwa vyanzo vyake: kiasi gani kimetokana na kazi, na kiasi gani kimetokana na uzee, unene au ajali ya zamani, na mwajiri akalipa sehemu yake tu. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba malipo ya ulemavu wa kudumu yalipungua kwa karibu nusu au zaidi. Goti lilikuwa lile lile. Thamani yake kwenye jedwali ndiyo iliyoshuka, na mwaka 2012 bunge likalazimika kuirudisha juu kwa sehemu, kwa sheria nyingine iliyotiwa saini na Gavana Jerry Brown.

Wenye kampuni walisherehekea, vyama vya wafanyakazi vikalia. Kila upande ulikuwa na mchoro wake, na michoro yote miwili ilikuwa ya kweli.

Upande wa walipaji ulikuwa na hoja moja nzito, nayo ni ulaghai. Lisemwalo lipo. Huko Long Beach mmiliki wa hospitali, Michael Drobot, aliwalipa madaktari na matabibu wa mifupa kamisheni za siri ili wamletee wagonjwa wa kupasuliwa uti wa mgongo, wengi wao wakiwa watu walioumia kazini. Sheria ya wakati huo iliiruhusu hospitali kudai bei ya skrubu na vyuma vilivyowekwa mgongoni kando ya gharama ya upasuaji wenyewe, kwa bei iliyoandikwa kwenye risiti ya ununuzi. Kwa hiyo vyuma vilipitishwa kwenye kampuni za karatasi zilizopandisha bei kabla ya kufika hospitali. Madai ya ulaghai huo yalizidi dola milioni 500. Drobot alikiri makosa mwaka 2014. Na seneta wa jimbo, Ron Calderon, aliyepokea fedha ili aulinde mwanya ule wa kisheria usizibwe, naye alifungwa. Mwanya wenyewe ulizibwa na sheria ya 2012.

Angalia jinsi jambo hili linavyoonekana kwenye takwimu. Mchunguzi anayetazama gharama za upasuaji wa mgongo kabla ya 2012 angeona wafanyakazi wa California wenye migongo mibovu kuliko ya majimbo mengine. Angeandika tasnifu kuhusu unyanyuaji wa mizigo. Ugonjwa ulikuwa kwenye risiti. Ni vizuri kukumbuka pia nani alilaghai: mgonjwa aliyelala mezani na kutiwa vyuma hakuwa mnufaika, na baadhi yao walibaki na maumivu ya maisha kwa upasuaji ambao huenda hawakuuhitaji. Ukisikia watu wakizungumzia ulaghai wa fidia, tena mara nyingi kwa kumkejeli kuli anayejifanya kiwete, ujue kwamba fedha kubwa katika kesi zilizothibitishwa mahakamani zimekwenda kwa waliovaa makoti meupe na suti.

Hata hivyo, shaka juu ya mfanyakazi wa kawaida imewashughulisha wanauchumi kwa miaka mingi, na imezaa moja ya mafumbo matamu zaidi katika takwimu hizi. Ni fumbo la Jumatatu.

Mwaka 1990 mwanauchumi Robert Smith alionyesha kwamba majeraha yanayodaiwa fidia Marekani hulundikana siku ya Jumatatu, na si majeraha yote. Mtu aliyekatwa na mashine au kuvunjika mfupa hana siku yake maalumu. Wanaolundikana ni wale walioteguka viungo na kuvutika misuli, hasa ya mgongo, yaani majeraha ambayo mtu anaweza kuyaficha siku mbili akayatangaza ya tatu. Tena yalionekana zaidi saa za mwanzo za kazi. Tafsiri ikaja yenyewe: watu wanaumia wikiendi wakicheza mpira au wakihamisha makochi, wanavumilia hadi Jumatatu, kisha wanalalama ghalani ili bima ya mwajiri iwatibu. Katika nchi ambako mamilioni ya watu hawana bima ya afya, hoja hiyo ilikuwa na mantiki.

David Card na Brian McCall wakaipeleka kwenye mzani kwa kutumia madai ya jimbo la Minnesota. Kama hoja ni kweli, walisema, basi watu wasio na bima ya afya ndio watakaojazana Jumatatu, kwa kuwa wenye bima wanaweza kwenda kutibiwa Jumapili bila kumdanganya mtu. Wakawapanga wafanyakazi kwa uwezekano wa kuwa na bima. Walichokipata, mwaka 1996, ni kwamba wasio na bima hawakuwa na Jumatatu nzito kuliko wenzao. Na waajiri, ambao ndio wangekuwa wa kwanza kunusa uongo, hawakupinga madai ya Jumatatu kuliko ya siku nyingine. Watafiti wa Kanada walipoitazama nchi yao, ambako kila mtu anatibiwa kwa fedha za umma, nao wakaikuta Jumatatu ipo palepale. Yaelekea mgongo uliopumzika siku mbili ukarudi ghafla kwenye magunia hulalamika wenyewe, bila kufundishwa na mwanasheria.

Utafiti mwingine wa aina hii ulifanyika kwa majimbo ya Kentucky na Michigan, ambako mwanzoni mwa miaka ya themanini kiwango cha juu cha malipo ya kila wiki kiliongezwa sana. Wenye mishahara mikubwa wakapata nyongeza, wenye mishahara midogo hawakuguswa, na hivyo ukapatikana ulinganisho safi. Waliopata nyongeza walikaa nje ya kazi muda mrefu zaidi, kwa takribani asilimia 20. Wengi huisoma asilimia hiyo kama kipimo cha uvivu. Naisoma tofauti: inaonyesha kwamba fidia ikiwa ndogo, watu hurudi kazini kabla hawajapona. Namba yenyewe haisemi ni yupi kati yetu aliye sahihi, na ndiyo maana ugomvi huu hauishi.

Sasa tuje kwenye utafiti ambao, kwa maoni yangu, umetumia madai ya fidia ya California kwa akili kuliko wowote mwingine.

Jisung Park, Nora Pankratz na Patrick Behrer walikusanya madai yote ya jimbo hilo kuanzia 2001 hadi 2018. Yalizidi milioni 11, wastani wa zaidi ya laki sita kwa mwaka. Kila dai lina tarehe na lina mahali. Wakayaunganisha na rekodi za hali ya hewa za kila siku, wakauliza swali fupi: siku ya joto, watu wanaumia zaidi?

Takwimu rasmi zilikuwa na jibu tayari. Madai yaliyoandikwa kwamba chanzo chake ni joto, yaani watu waliozimia au kupigwa na jua, yalikuwa kama 850 kwa mwaka katika jimbo lenye wakazi karibu milioni 40. Ni tatizo dogo, angesema ofisa yeyote, la wachuma matunda na wajenga barabara. Watafiti wale hawakutazama safu ya chanzo. Walihesabu madai yote ya siku hiyo: aliyeanguka kwenye ngazi, aliyebanwa mkono, aliyegongwa na foklifti ghalani. Wakakuta kwamba siku ambayo joto linapita nyuzi 32 za Selsiasi, hatari ya kuumia inapanda kwa asilimia 6 hadi 9 ikilinganishwa na siku ya baridi ya wastani. Likipita nyuzi 38, inapanda kwa asilimia 10 hadi 15. Ukijumlisha mwaka mzima, unapata majeraha ya ziada yapatayo 20,000.

Kati ya 850 na 20,000 pana tofauti kubwa mno, na yote imetokana na safu moja ya fomu. Mtu mwenye joto anachoka, mikono inatoa jasho, uamuzi unachelewa nusu sekunde, anakosa kipago cha ngazi. Daktari anaandika kuvunjika kwa kifundo cha mguu, chanzo: kuanguka. Hakuna mahali pa kuandika kwamba ilikuwa saa tisa alasiri, Bakersfield, mwezi Julai. Tena majeraha haya hayakuwa ya mashambani peke yake. Yaliongezeka viwandani na maghalani pia, chini ya mabati yasiyo na kiyoyozi, na waliobeba mzigo mkubwa zaidi walikuwa wenye kipato kidogo.

Kuna habari njema ndani yake. Mwaka 2005, baada ya vifo vya wafanyakazi wa mashambani, California ilikuwa jimbo la kwanza kuwalazimisha waajiri wa kazi za nje kutoa maji, kivuli na mapumziko. Baada ya mwaka huo athari ya joto kwenye madai ilipungua kwa takribani asilimia 30. Watafiti wenyewe wanaonya kwamba huenda kuna sababu nyingine, lakini ni vigumu kuupuuza upungufu huo. Kanuni ya kazi za ndani ilikuja kuchelewa sana, mwaka 2024.

Kwa hiyo mstari ukishuka, wakati mwingine umeshuka kwa heri. Mwaka 1975 jimbo hilo lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi, ambalo kwa vizazi lilikuwa likiwainamisha wapaliliaji wa letusi na viazi sukari kutoka alfajiri hadi jioni, na migongo ikapata nafuu. Takwimu za ajali kwa Marekani nzima nazo zinasema hivyo: kwa kila wafanyakazi 100 wa sekta binafsi waliofanya kazi muda wote, waajiri waliandika majeraha na maradhi 8.9 mwaka 1992. Mwaka 2023 waliandika 2.4. Viwanda vingi vimehamia Asia, mashine zimepata vizuizi, roboti zinanyanyua. Siamini kwamba upungufu wote huo ni wa kalamu. Siamini pia kwamba wote ni wa mwili, hasa kwa kuwa anayeandika ni mwajiri.

Jambo jingine la kuchunga ni umri wa takwimu. Wataalamu wa hesabu za bima hawauamini mwaka wa karibuni hata kidogo, na wana sababu. Madai ya mwaka 2010 yalipohesabiwa mwishoni mwa 2010 yalikuwa machache na ya bei nafuu: vidole vilivyoshonwa, vifundo vilivyofungwa bandeji. Madai yasiyo na zaidi ya gharama ya matibabu huwa ndiyo wingi wa madai yote, na gharama yake ni sehemu ndogo ya jumla. Ghali ni yale machache yanayoendelea: mgongo unaopasuliwa mwaka wa pili, ulemavu unaobishaniwa mwaka wa nne. California ni miongoni mwa majimbo ambako madai huchukua muda mrefu kufungwa, kwa sababu hubishaniwa sana. Kwa hiyo wataalamu hupanga kila mwaka kwenye jedwali, wakaangalia ulivyokua baada ya miezi 12, 24, 36 na kuendelea, kisha wakakisia mwaka mchanga utafikia wapi. Mwanasiasa anayetangaza mafanikio ya mwaka uliopita anatangaza mtoto mchanga kuwa na uzito mdogo.

Aina moja ya madai imekuwa ikiongezeka wakati nyingine zinapungua, nayo ni ya majeraha ya kulimbikizana: kifundo cha mkono kilichochoka kwa miaka ya kuchapa, bega la kupaka rangi, masikio ya kiwandani. Tangu mdororo wa 2008 sehemu yake imekua, na yamejaa Los Angeles na jirani zake kuliko San Francisco. Mengi hufunguliwa baada ya mtu kuachishwa kazi. Waajiri huona hapo hila ya mawakili. Lakini sheria yenyewe imechangia: tangu mageuzi ya 1993, dai la ajali ya kawaida likifunguliwa baada ya notisi ya kuachishwa kwa kawaida hukataliwa, na jeraha la kulimbikizana ni miongoni mwa machache yaliyoachiwa upenyo. Zaidi ya hayo, mtu aliyevumilia bega bovu miaka kumi ili asipoteze kazi hana tena sababu ya kuvumilia akishaipoteza. Wakili na maumivu vinaweza kuwepo pamoja. Kwa nini ushirika wa mawakili na madaktari wa madai haya umestawi zaidi Los Angeles kuliko kwingineko ni swali halali, na jibu lake lina historia ya zile foleni za miaka ya tisini.

Halafu ikaja korona, ikavuruga kila mchoro. Mwaka 2020 madai ya kawaida yalianguka kwa sababu watu walikuwa nyumbani, huku madai ya korona ya mwaka huo yakizidi laki moja. Yalipanda kwa sababu virusi vilienea, na pia kwa sababu amri ya Gavana Gavin Newsom ya mwezi Mei, na sheria iliyotiwa saini mwezi Septemba, ziliamua kwamba wauguzi, askari, wazimamoto na wengineo walioambukizwa wachukuliwe kuwa wameambukizwa kazini mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bila amri hizo muuguzi angetakiwa kuonyesha ni mgonjwa yupi aliyemkohoa. Mlango ulifunguliwa kwa makusudi, na watu wakaingia.

Wasioingia ndio wagumu kuwahesabu. Huko Michigan watafiti walilinganisha rekodi za kampuni zilizotumwa serikalini na madai ya fidia ya kampuni zile zile, mtu kwa mtu, wakahitimisha kwamba takwimu rasmi za taifa zilikosa karibu theluthi mbili ya majeraha na maradhi ya kazi katika jimbo hilo. Kumbuka kwamba hata hao waliogunduliwa walikuwa na karatasi mahali fulani. Mpishi wa mgahawa anayelipwa taslimu hana.

Na kuna kundi zima lililotolewa nje ya hesabu kwa kura. Novemba 2020 wapiga kura wa California walipitisha pendekezo namba 22, baada ya Uber, Lyft, DoorDash na wenzao kutumia zaidi ya dola milioni 200 kulipigia debe. Madereva wa programu wakabaki wakandarasi, si waajiriwa. Wakapewa bima ya ajali ya kampuni, yenye ukomo wa dola milioni moja, lakini fidia ya wafanyakazi haiwahusu. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa. Mwajiri rasmi wa Tanzania amekuwa akichangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tangu 2015, na kijana wa bodaboda anayevunjika paja Ubungo, asiye na mwajiri, hayumo katika hesabu ya mfuko huo.

Madereva walikwenda mahakamani wakidai kwamba katiba ya California imelipatia bunge peke yake mamlaka juu ya fidia ya wafanyakazi, na kwamba kura ya wananchi haiwezi kuyapunguza. Tarehe 25 Julai 2024 Mahakama ya Juu ya California iliikataa hoja hiyo kwa kauli moja. Dereva wa programu anayegongwa leo kwenye barabara kuu ya Los Angeles hafungui dai la fidia ya wafanyakazi, wala hatakuwamo kwenye ripoti ya madai ya mwaka huu. Kadiri kazi za namna hiyo zinavyoongezeka, idadi ya madai ya jimbo inaweza kuendelea kushuka bila barabara hata moja kuwa salama kuliko jana.